Je, wajua jalidi, ile barafu nyembamba itandayo usiku wa baridi kali, haipasui sukuma wiki, bali huinyonya maji?

Msimu wa kaskazi, wakati sisi wa Malindi tunahamishia mikeka nje kutafuta upepo, kule Kinangop, kwenye nyanda za juu za Kenya, usiku huwa mkavu, hauna mawingu, na alfajiri jalidi imetanda shambani. Januari moja shemeji yangu wa huko alinipigia simu: sukuma zake, alizopanda kwenye tuta lililoinuliwa kwa mbao, zimelala kama zilizomwagiwa maji ya moto. Nami, nisiyewahi kuiona jalidi, nikamjibu bila kusita: "Ng'oa, shemeji. Maji yameganda ndani ya majani yakayapasua, kama soda ya chupa iliyosahauliwa friza."

Maji yakiganda hupanuka kwa asilimia 9 hivi, na chupa hupasuka kweli. Lakini jani si chupa. Maji ya ndani ya seli yana sukari na chumvichumvi, hivyo huchelewa kuganda. Yanayotangulia ni yale ya nje, kwenye nafasi baina ya seli na seli, na barafu ikishaanza hapo huvuta maji ya ndani.

Mtazame mtengeneza ng'onda. Humpasua samaki, humsugua chumvi, na punde maji yanachuruzika mezani. Chumvi imekaa nje, inanyonya. Barafu nayo hufanya vivyo hivyo, seli ikanywea. Tofauti ni kuwa ng'onda harudi kuwa samaki mbichi, ila sukuma yaweza kurudi: barafu ikiyeyuka, na utando wa seli haujachanika, maji huingia tena na jani likasimama. Ukichanika, jani huloa, huwa jeusi kama lililochemshwa, kisha hukauka. (Baridi ikishuka ghafla mno, barafu yaweza kuingia hadi ndani ya seli, na hapo hakuna cha kuokoa.)

Kwa hiyo usiyaguse majani yaliyoganda. Subiri siku chache, ondoa yaliyokufa, uache moyo wa mche ukiwa bado mgumu na wa kijani. Mbolea ya kukuzia ingoje, maana majani mororo ndiyo huumia kwanza jalidi ikirudi. Tuta la mbao hupoa haraka kwa kuwa ubavu wake uko wazi. Linyweshe mchana lihifadhi joto, na magharibi ulifunike magunia.

Shemeji alikuwa ameshang'oa mstari mmoja. Uliobaki ulisimama, na akadai ni mtamu kuliko kawaida. Nilidhani ananifariji. Kumbe baridi ikizidi polepole, sukuma hulimbikiza sukari ili isigande upesi. Zangu za Malindi hazina sababu ya kujisumbua hivyo.