Anayekupangia mirathi ana karatasi gani?

Utasikia watu wakisema: "Mwenye ofisi na muhuri anajua." Kenya hakuna leseni iitwayo ya mshauri wa mirathi. Mtu yeyote anaweza kujipa cheo hicho, akachapisha kadi na kufungua chumba pale forodhani Lamu au Lamu Road mjini Malindi. Basi cheo kiache, ulizia karatasi ya kazi yenyewe. Wakili hukata cheti cha kufanya kazi kila mwaka, na kwenye tovuti ya chama cha mawakili, LSK, unaandika jina lake ukaona kama cha mwaka huu anacho. Wakala wa bima ana leseni ya kuuza bima. Dalali wa viwanja anajua viwanja. Kuandaa maombi ya usimamizi wa mali ya marehemu kwa malipo, Sheria ya Mawakili inawakataza wote wawili, hata wawe watu wa msikitini kwako.

"Wakili yeyote atafaa." Hapa ndipo watu wengi wa pwani huumia. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika 1981, haigawi mali ya Mwislamu; hiyo hufuata sheria ya Kiislamu. Wasia wake haupiti thuluthi baada ya mazishi na madeni, na mrithi hausiwi kitu ila warithi wenzake waridhie. Wakili anayejua kuhamisha hati za ardhi tu huenda hilo halijui.

Mjaribu. Mwambie, "Nyumba hii ya Langoni nataka nimwandikie binti yangu mkubwa, yote." Akishika kalamu papo hapo, aga uondoke. Anayejua kazi atakuuliza kwanza dini yako, warithi wako wote na madeni yako, kisha akueleze hiba: unampa ungali hai, na anakabidhiwa kweli. Hiba ya maneno matupu huzua kesi.

Asiye Mwislamu ana uhuru mpana zaidi, ila kifungu cha 26 cha Sura ya 160 kinawapa wategemezi waliosahauliwa mlango wa kwenda mahakamani. Mshauri asiyekutajia hilo hajamaliza kazi.

"Barua ya chifu inatosha." Barua ile huonyesha familia ya marehemu ni akina nani. Haigawi hata mnazi mmoja.

"Mashahidi wa wasia ni watoto wangu, hakuna tabu." Ipo. Chini ya Sura ya 160, shahidi aliyeachiwa kitu hukipoteza, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasio na maslahi. Mshauri anayemwita mwanao atie sahihi ili mambo yaende haraka anakuharibia.

"Ushauri wake ni wa bure." Muulize nani anamlipa. Mara nyingi ni kamisheni ya bima aliyokuuzia, na ndiyo maana kila swali lako jibu lake ni bima.

Ukishamchagua, mpe nakala ya hati ya ardhi. Akitaka kubaki na ile halisi, akuandikie stakabadhi yenye namba ya hati na tarehe ya kuirudisha.