Nyumba ikishuka bei, deni hubaki palepale

"Nyumba haijawahi kushuka bei." Kauli hii utaisikia Malindi popote wanapokaa watu wawili kuzungumzia ploti, na anayeitoa aghalabu ni wakala. Si kweli, na ajabu ni kuisikia katika mji huu hasa. Majumba mengi ya Casuarina na Silversands yalijengwa kwa fedha za Waitaliano na wageni wengine wa Ulaya, kwa hiyo bei zake hufuata ndege za watalii. Vurugu za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwakimbiza wageni. Mwaka 2014 yakaja mashambulizi ya kigaidi ya Mpeketoni, Lamu, na maonyo ya safari kutoka Ulaya. Mwaka 2020 korona ikafunga anga lenyewe. Kila mara wauzaji waliongezeka, wanunuzi wakaadimika.

Kinachotudanganya ni kwamba bei tunayoisikia ni ile anayoitaka mwenye nyumba. Asiye na deni anaweza kuacha bango lake getini miaka mitano akimsubiri mnunuzi wa ndoto zake, nasi tukaendelea kusema bei haijashuka. Bei halisi hujulikana siku mtu analazimika kuuza, na anayelazimika mara nyingi ni mwenye mkopo. Halafu kuna kushuka kusikoonekana kwa macho. Nyumba iliyonunuliwa kwa shilingi milioni 8 ikauzwa kwa milioni 8 miaka kumi baadaye, huku vitu vingine vikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, ilipaswa kuuzwa zaidi ya milioni 14 ili mwenyewe asipate hasara. Wakala hatakufanyia hesabu hiyo.

Wamarekani nao walikuwa na imani hii. Kati ya 2006 na 2012 bei za nyumba nchini mwao zilianguka kwa zaidi ya robo, na mamilioni ya watu wakajikuta wanadaiwa kuliko thamani ya nyumba wanazolala. Huko ndiko ilikotoka dhana nyingine inayozunguka vijiweni kwetu: ukishindwa kulipa, warudishie benki funguo, mambo yaishe.

Kwa baadhi ya majimbo ya Marekani hilo lina msingi. California, kwa mfano, sheria humlinda aliyekopa kununua nyumba ya kuishi. Benki ikishaichukua, kwa kawaida haiwezi kumfuata kwa pengo lililobaki. Wapo walioondoka hali bado wana uwezo wa kulipa, na mjadala ukawaka: wengine wakiwaona wavunja ahadi, wengine wakisema benki nazo ziliingia biashara hiyo zikijua hatari yake. Mjadala huo hauwezi kukuokoa Kenya. Hapa unaposaini unaweka nyumba dhamana na pia unaahidi wewe mwenyewe kulipa. Mnada ukileta pungufu ya deni, benki ina haki ya kukushtaki kwa kilichobaki, na jina lako huripotiwa CRB, ofisi zinazoweka kumbukumbu za wakopaji.

Tufanye hesabu, maana watu hudhani pengo haliwezi kuwafika kama wamelipa kwa uaminifu. Umenunua nyumba ya milioni 5.6, ukatoa laki sita, ukakopa milioni 5 kwa riba ya asilimia 14 kwa miaka 20. Marejesho ni kama 62,000 kwa mwezi. Katika awamu ya kwanza, zaidi ya 58,000 huenda kwenye riba; mtaji, yaani deni lenyewe, unapungua kwa chini ya 4,000. Baada ya miaka mitano umeshatoa zaidi ya milioni 3.7, na bado unadaiwa karibu milioni 4.67. Nyumba ikishuka kwa asilimia 20 tu, thamani yake ni milioni 4.48. Hujakosa awamu hata moja, na ukiiuza leo bado huwezi kumaliza deni. Hapo sijataja gharama za wakili na za wakala wa nyumba.

Na riba je? Wengi huamini ile waliyosaini ndiyo hiyo hadi mwisho. Soma mkataba: mikopo mingi ya nyumba ina riba inayobadilika. Riba ya Benki Kuu, ambayo benki huitazama zinapopanga riba zao, ilikuwa asilimia 7 mwanzoni mwa 2022 na ikafika 13 Februari 2024, kabla ya kuanza kushushwa Agosti mwaka huohuo. Kile kikomo cha kisheria cha riba za mikopo kilichowekwa 2016 kilifutwa mwaka 2019. Mkopo wetu wa milioni 5 ukitoka asilimia 14 hadi 18 mapema, awamu inaruka kutoka 62,000 hadi 77,000 hivi, na mshahara uko vilevile.

Kuna ndugu zetu wanaosema yote haya hayawahusu kwa kuwa wamepita benki ya Kiislamu. Ni kweli utaratibu ni mwingine. Katika ushirika unaopungua, kwa mfano, benki na mteja humiliki nyumba pamoja, mteja akinunua sehemu ya benki kidogokidogo na kulipa kodi ya sehemu iliyobaki. Lakini wajibu wa kulipa upo, na ukishindwa nyumba inaweza kuuzwa vilevile.

Dhana inayoumiza familia nyingi zaidi Malindi, kwa maoni yangu, haihusu hata mkopo wa kununua nyumba. Mikopo hiyo ni michache. Kenya nzima ilikuwa takriban 30,000 mwishoni mwa 2023. Kwetu deni huingia nyumbani kwa mlango wa biashara. Kijana anataka kununua matatu au boti, na benki inataka hati. Mitaa mingi ya zamani watu wana nyumba juu ya ardhi ya mwingine, hawana hati ya kuweka. Basi anatafutwa mzee mwenye shamba Ganda au Msabaha. "Baba, ni karatasi tu, deni ni langu." Mzee anasaini.

Ukweli ni kwamba mzee ameweka shamba lake dhamana, na mikataba ya namna hii kwa kawaida huiruhusu benki kuuza dhamana bila kwanza kumfilisi aliyekula pesa. Kama amesaini pia udhamini, anaweza kudaiwa yeye binafsi hadi kiwango alichokubali. Kwa nyumba ya ndoa, sheria inataka mwenzi wa ndoa aridhie kwa maandishi. Ninawashangaa wanaoichukulia saini ya mama kama usumbufu wa wakili, kwani mara nyingi ndiye pekee anayeuliza swali la maana mezani.

Wapo walio upande wa pili, wanaoamini ukikosa awamu mbili dalali atakuja kesho na lori. Woga huu ndio unaowafanya wafiche barua za benki chini ya godoro. Sheria ya Ardhi ya 2012 ina hatua zake: notisi ya miezi mitatu ya kulipa, kisha ya siku 40 ya nia ya kuuza, halafu, kwa kanuni za madalali, dalali hutoa siku 45 za kukomboa. Benki lazima ipate tathmini ya thamani na itafute bei bora inayopatikana; ikiuza kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, huchukuliwa kuwa imekiuka wajibu huo mpaka ithibitishe vinginevyo. Na tangu 2007, mkopo ukishaharibika, riba inayodaiwa haiwezi kuzidi mtaji uliokuwa umebaki siku hiyo. Nyundo ikishagonga, lakini, mnunuzi analindwa, na mara nyingi kinachobaki kwako ni kudai fidia. Miezi hiyo ya notisi ndiyo ya kutafuta mnunuzi mwenyewe kwa makubaliano na benki, kwa bei ambayo mnada hauwezi kukupa.

"Aliyepigiwa mnada nyumba yake ni mzembe." Wengine ndiyo. Lakini Machi 2020 ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa hadi Agosti 1, na mfanyakazi wa hoteli hakuhitaji uzembe wowote kubaki bila mshahara. Benki Kuu iliruhusu mikopo ipangwe upya. Aliyekwenda mapema alipata nafuu, ingawa riba iliendelea kuhesabiwa. Lawama ninayoikubali ni ya hesabu za msimu. Mtu anakopa Januari, kaskazi inavuma na hoteli zimejaa, halafu anaahidi awamu ileile kwa Mei, mvua za masika zikinyesha na hoteli nyingi zimefungwa. Afisa wa mikopo aliyepitisha hesabu hiyo naye anaijua kalenda ya Malindi.

Mwisho, si kweli kwamba benki hubaki na kila kilichopatikana mnadani. Baada ya gharama na deni kulipwa, ziada ni ya mwenye mali. Omba taarifa ya hesabu kwa maandishi, uone nyumba iliuzwa kiasi gani na kila shilingi ilikwenda wapi.