Gesi ya friji haiishi: kusafisha koili ni nini hasa

Kwenye migahawa ya Mtwara mjini, kuanzia Shangani hadi kule feri, friji ikishindwa kupoza hukumu huwa moja: "Imeisha gesi." Mpishi anasema hivyo, mwenye mgahawa anaitikia, na fundi aliyefika na mtungi mkononi hana sababu ya kuwabishia. Gesi inaongezwa, soda zinapata ubaridi wiki mbili, kisha hukumu inarudi ileile. Mara nyingi kilichotakiwa ni kusafisha koili, neno ambalo nalo limeteswa vya kutosha: wengi wakiambiwa koili zimesafishwa, wanachoonyeshwa ni mlango uliopanguswa kwa kitambaa cha sabuni.

Maana yake ni fupi. Koili ni bomba refu, aghalabu la shaba, lililokunjwa mara nyingi na kupitishwa kwenye vibati vyembamba vya alumini vilivyosongamana kama kurasa za kitabu. Friji ya jikoni ina koili mbili. Ya ndani inanyonya joto la chakula. Ya nje, ambayo huwa jirani na kompresa, yaani pampu ya gesi, inalitema joto hilo jikoni. Kusafisha koili ni kuondoa kila kinachoziba njia ya hewa katikati ya vibati, kwa koili zote mbili, na kuvinyoosha vilivyolala. Gesi haiguswi kabisa.

Balaa liko kwenye neno gesi lenyewe. Lilibuniwa katika karne ya 17 na mkemia Jan Baptist van Helmont, mtu wa Brussels, aliyelichota kwenye neno la Kigiriki khaos, yaani ile vurugu isiyo na umbo ya kabla ya dunia kupangwa. Kwetu limefika kupitia Kiingereza, na huku kusini limejaa mambo. Kuna gesi asilia, iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, ile iliyozua ghasia Mtwara mwaka 2013 kwa sababu ya bomba la kwenda Dar es Salaam. Kuna gesi ya mtungi wa jikoni. Zote mbili ni za kuchomwa, na kinachochomwa lazima kiishe. Mpishi anautikisa mtungi, anaona mwepesi, anatuma mtu dukani. Kauli ya "imeisha gesi" imeazimwa kwenye jiko na kubandikwa kwenye friji iliyo pembeni yake.

Friji haichomi chochote. Gesi yake inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa pande zote: kompresa inaikandamiza, koili ya nje inaipoza mpaka iwe kimiminika, inapenya kwenye kibomba chembamba, inageuka mvuke ndani ya koili ya ndani, na safari inaanza upya. Gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma ya friji ndizo zinazotakiwa kuwemo leo, na ndizo zinazotakiwa kuwemo miaka 10 ijayo. Zikipungua, zimevuja. Tundu lipo mahali fulani, na mara nyingi limeacha alama ya mafuta ya kompresa kwenye kiungio, doa la utelezi lililoshika vumbi. Anayeongeza gesi bila kulitafuta tundu hilo anajua fika kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi.

Linalochanganya zaidi ni kwamba friji nyingi za siku hizi zinatumia R600a au R290, ambazo ni isobutani na propani, ndugu wa damu wa kilichomo kwenye mtungi wa kupikia. Undugu huo usimpe mtu wazo la kuchota jikoni na kujaza friji. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko usio na kipimo cha friji, imetiwa dawa ya harufu na inaweza kuwa na unyevu. Tena friji iliyoundwa kwa R134a, gesi isiyoshika moto, ina swichi zinazotoa cheche, na hapo kuvuja kidogo tu kunatosha.

Koili chafu na gesi pungufu zinatofautishwa kwa mkono kabla ya geji, kile kipimo cha shinikizo la gesi. Koili ya nje ikiwa imeziba, kompresa inaunguza vidole, bomba linalotoka kwake vilevile, na kila baada ya muda unasikia "tik": mashine imejizima kujiokoa, itapumzika, itawaka tena. Gesi ikiwa imepungua, koili ya nje inakuwa vuguvugu tu, mashine inanguruma bila kupumzika, na koili ya ndani inashika barafu pale mwanzoni gesi inapoingilia, sehemu iliyobaki ikiwa tupu. Kwa tarakimu: jikoni penye nyuzi 35, koili safi hufanya kazi kwenye nyuzi 45 hadi 50, ambazo kwa R134a ni PSI zisizozidi 180 hivi upande wa shinikizo kubwa. Ikiziba ikafika nyuzi 60, geji inasoma karibu 230. Kuongeza gesi hapo ni kumtwisha zigo la pili punda aliyekwisha kulala chini.

Lakini kuna mtego ambao humnasa hata fundi mkweli. Koili ya ndani ikifunikwa na barafu, hewa haiifikii, gesi haipati joto la kuigeuza mvuke, na geji ya upande wa kunyonya inashuka. Fundi anaona namba ndogo, anasema gesi pungufu, anaongeza. Siku barafu inapoyeyuka, gesi imezidi, na inarudi kwenye kompresa ikiwa bado kimiminika. Kompresa imeundwa kusukuma mvuke. Ikimeza kimiminika, valvu zake zinavunjika. Kisha watu wanalaumu umeme kukatika-katika, ambao kweli una makosa yake, ila si hili.

Usafishaji wenyewe haudai vifaa vya ajabu. Chomoa plagi, usitegemee swichi ya thamostati. Fungua wavu, na ufunike kwa nailoni mota ya feni, sanduku la nyaya la kompresa na thamostati. Vumbi kavu liondolewe kwanza, kwa brashi laini inayopita kufuata mlalo wa vibati, juu-chini. Ukikatisha, unavilaza, na kibati kilicholala kinaziba hewa kama uchafu. Ukitumia blowa, puliza kutokea upande wa feni, kinyume na njia ya hewa. Ukipuliza kutokea mbele unalishindilia vumbi katikati ya koili, nje panang'aa na ndani pameziba. Ni kosa la kawaida kuliko yote, na ndilo linalofanya watu waseme walishasafisha na haikusaidia.

Jikoni, hata hivyo, vumbi kavu ni nadra. Panapokaangwa chipsi, mihogo na samaki, mvuke wa mafuta unaganda kwenye vibati, unga na nyuzi za vitambaa vinanasa juu yake, na kinatokea kitu kama blanketi jeusi linalonata. Brashi hailiwezi. Nyunyiza sabuni ya kukata mafuta ambayo kibandiko chake kinasema ni salama kwa alumini, iliyochanganywa na maji kwa kipimo kilichoandikwa hapo, iache dakika 5 hadi 10 bila kukauka, kisha suuza kwa maji ya mkondo mdogo. Mashine ya kuoshea magari ikae mbali. Kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, isikaribie: inaitafuna alumini ikichemka na kutoa haidrojeni, na koili inabaki mabomba matupu. Klorini nayo inaila, polepole tu.

Maji ya kusuuzia yawe matamu. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na koili ya shaba iliyovikwa alumini ni wali kwa chumvi: metali mbili tofauti zikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe unaopukutika ukiugusa kibati ndio dalili yake. Mikindani, Lindi mjini au Kilwa Masoko, upepo wa bahari peke yake unatosha kuleta hali hiyo, kwa hiyo koili ya pwani inahitaji kusuuzwa hata ikionekana safi.

Koili ya ndani ina adabu yake. Toa chakula, acha mlango wazi, weka beseni la maji ya moto ndani, subiri. Kisu hapana, tundu moja la ncha ya kisu na hapo ndipo gesi itavuja kweli. Barafu ikiisha, osha kwa sabuni nyepesi, kisha mimina kama lita moja ya maji ya vuguvugu kwenye tundu la kutolea maji, kwa sababu ute wa samaki na pweza huganda humo, maji yanarudi nyuma na barafu inaanza tena. Achari na siki visivyofunikwa vinatoa mvuke wa asidi unaokula shaba, jambo ambalo hakuna anayelishuku.

Acha vikauke, rudisha wavu, washa. Friji itulie chini ya nyuzi 5, friza ifike hasi 18. Kwa friji iliyokuwa ya moto hilo linachukua saa kadhaa, si dakika 20. Koili ya nje ya friji iliyo kwenye jiko la kukaangia itazamwe kila mwezi, na isipite miezi mitatu bila kuoshwa.

Basi fundi akipigiwa simu, asiambiwe "njoo ujaze gesi", maana atajaza. Aambiwe: "Friji haipozi, njoo utazame koili zote mbili." Akisema gesi imepungua, aulizwe kwa upole inavujia wapi, na akishaziba, aipime kwa mizani hadi gramu za kwenye kibandiko.