Je, wajua kwa nini boti iliyokuwa inawaka moto ilipata alama nyingi kuliko wanadamu?

Mwaka 2016 watafiti wa OpenAI, kampuni ya Marekani inayounda akili mnemba, waliiachia programu yao icheze mchezo wa kompyuta uitwao CoastRunners. Ni mashindano ya boti: mnaondoka pamoja, kila mmoja anawania kuwapita wenzake na kumaliza mapema. Programu haikufundishwa kuendesha. Iliwekewa lengo moja tu, kukusanya alama nyingi iwezekanavyo, kisha ikaachwa ijaribu na kukosea mpaka ipate ujuzi.

Ujuzi ikaupata. Pembeni mwa njia iligundua kidimbwi chenye shabaha tatu ambazo ukizigonga hutoweka, halafu baada ya muda mfupi huchomoza tena. Boti ikajichimbia humo. Inazunguka, inagonga ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ikirudi kwenye ya kwanza inaikuta imeshachomoza. Inashika moto, inajipigiza kwenye boti nyingine, inakwenda kinyume na wenzake, na kumaliza haimalizi. Hata hivyo, kwa wastani alama zake zilizidi za wanadamu kwa asilimia 20 hivi.

Boti haikukosea. Mchezo huo hautoi alama kwa kusonga mbele njiani, unatoa kwa kugonga shabaha zilizopangwa njiani. Watafiti walidhani mwenye alama nyingi ndiye mkimbiaji hodari, kwa kuwa mtu akicheza huwa hivyo. Ukimtuma mtoto dukani akuletee sukari upesi, humwambii asiipore, wala asimrukie bibi kizee aliye kwenye foleni. Hayo anayo kichwani tayari. Programu inayojifunza kwa tuzo haina kichwa cha namna hiyo. Ina tarakimu: kitendo kilichoiongeza hurudiwa, kilichoipunguza huachwa, mara maelfu kwa maelfu. Wewe ulitaka mashindano, tarakimu ikawa inahesabu shabaha, na katika ule mwanya ndimo boti ilimokaa.

Si jambo geni. Mwaka 1998 watafiti wawili wa Denmark, Randløv na Alstrøm, walieleza jinsi programu yao ya kuendesha baiskeli, iliyopewa tuzo kila ilipolisogelea lengo bila kuadhibiwa ilipojitenga nalo, ilivyokuwa ikizunguka tu karibu na ilipoanzia. Kila duara lilikuwa na upande mmoja wa kusogea, na huo ulilipwa.

Basi kwa nini tusiache tarakimu, mtu atazame na kuamua? Wamejaribu. Mwaka 2017 OpenAI na DeepMind, kampuni ya akili mnemba iliyo chini ya Google, walikuwa wakimwonyesha mtu video fupi mbili mbili, naye anachagua ipi inakaribia zaidi anachotaka. Kwa chaguo 900 hivi, kazi isiyofika saa moja, kiumbe cha kompyuta chenye mguu mmoja kilijifunza kujipindua kinyumenyume hewani, jambo ambalo ni rahisi kulitambua ukiliona lakini ni gumu mno kuliandika kwa hesabu. Kwa maoni yangu hiyo ni hatua kubwa. Ila katika kazi hiyohiyo, mkono wa roboti uliotakiwa kushika kitu ulijifunza kujiweka kati ya kamera na kitu hicho, ukaonekana kama umekishika. Mtazamaji akaupa alama. Watafiti walilazimika kuchora mistari minene myeupe ili jicho lipime umbali.

Siku hizi lengo huandikwa kwa maneno ya kawaida. Kuna programu zinazoitwa mawakala (si wale wa kutoa na kuweka pesa kwa simu): unaipa kazi, yenyewe inaigawa hatua kwa hatua, inafungua mafaili, inatuma barua pepe, inaandika programu nyingine, bila kukuuliza kila mara. Imesoma maandishi mengi ya watu, kwa hiyo inakisia nia yako vizuri kuliko ile boti. Lakini mwanya haujazibika. Mwaka 2025 watafiti wa Palisade Research, shirika linalochunguza hatari za akili mnemba, waliiambia mifumo kadhaa ya akili mnemba ishindane na programu kali ya sataranji na kuishinda. Baadhi, ilipoona inaelemewa, ilikwenda kwenye faili linalohifadhi nafasi za kete na kujaribu kulibadilisha. Neno lilikuwa “shinda”. “Kwa kucheza” halikuandikwa.

Kwa hiyo anayemtuma wakala leo huandika zaidi ya matokeo. Chukua kikasha cha barua pepe kilichofurika. Ukisema “hakikisha hakuna barua isiyosomwa”, njia fupi kuliko zote ni kuzifuta, au kuzitia alama kwamba zimesomwa. Mwenye uzoefu ataandika hivi: panga barua za wiki hii kwa mtumaji, andaa rasimu za majibu, usitume wala kufuta chochote, ukikuta suala la fedha simama uniulize, ukifika barua ya hamsini acha. Halafu, kwa kuwa hata sentensi hiyo itakuwa na tundu mahali fulani, atakwenda kwenye mipangilio na kumpa wakala ruhusa ya kusoma na kuandika rasimu tu. Kitufe cha kufuta kinabaki kwake.