Je, wajua? Kwa nini mgahawa wa Korea hukupikia tambi za pakiti

Ukiagiza ramyoni, yaani tambi za supu za Kikorea, katika mgahawa mdogo wa Korea Kusini, mpishi huchukua pakiti ya tambi kama zile za dukani, huichana na kuitia kwenye maji yanayochemka. Wala hafichi: mara nyingi jiko liko wazi na pakiti zimepangwa rafuni mbele ya wateja. Mgeni akiona hivyo hudhani amepunjwa. Huamini kwamba pengine upo mgahawa wa ramyoni ya kweli, ambako mifupa hutokota tangu usiku na tambi hukatwa kwa mkono, na huu umechukua njia ya mkato.

Dhana hiyo inachanganya vyakula viwili. Mifupa ya kutokota saa nyingi na tambi mbichi ni mambo ya rameni ya Japani. Hiyo nayo inapatikana Korea, ila katika migahawa yake na kwa bei ya juu zaidi. Ramyoni ya Korea ilizaliwa kiwandani. Momofuku Ando alianza kuuza tambi zake za kuiva haraka huko Japani mwaka 1958. Mwaka 1963 kampuni ya Samyang ikachukua mashine na utaalamu kutoka Japani, ikaanza kuuza pakiti kwa won 10. Mchele ulikuwa haba, ngano ya msaada wa Marekani ilikuwepo, na serikali ikawahimiza watu kula vyakula vya unga wa ngano. Migahawa midogo ikaziingiza kwenye orodha yake, na mpaka leo huziuza sambamba na kimbapu, yaani wali uliosokotwa ndani ya mwani. Kwa hiyo hakuna ramyoni iliyotangulia pakiti, na mpishi anayeichana mbele yako anakupa chakula ulichoagiza.

Hata akiamua kutumia tambi mbichi, hatapata chakula kile kile, na sababu ni mafuta. Kiwandani unga hukandwa, husukumwa ukawa mwembamba, kisha hukatwa nyuzi. Mkanda unaozipokea huenda polepole kuliko kisu kinavyozitoa, kwa hiyo nyuzi hurundikana na kupata yale mawimbi. Hupitishwa kwenye mvuke dakika chache, na hapo wanga huiva. Halafu hutumbukizwa katika mafuta ya mawese yenye joto la sentigredi 140 hadi 160, kwa dakika moja au mbili.

Tazama andazi likiingia kwenye karai. Mapovu yanayolizunguka si mafuta yanayochemka, maana mafuta hayachemki kwa joto hilo. Ni maji yaliyomo ndani ya donge yanayogeuka mvuke na kutoka kwa kishindo. Mapovu yakipungua, ujue upande ule umekauka. Andazi ni nene, ndiyo maana moyo wake hubaki laini. Uzi wa tambi ni mwembamba mno, hivyo mvuke hutoka hadi katikati na unyevu hushuka kutoka asilimia 30 na ushei mpaka chini ya 10, mara nyingi chini ya 5. Kila mvuke ulipopenya hubaki kitundu, na baadhi ya vitundu hushika mafuta. Kwa kawaida mafuta huwa asilimia 15 hadi 20 ya uzito wa tambi. Yale matone yanayoelea juu ya maji ndiyo hayo. Uvumi uliosambaa mitandaoni kwamba ni nta hauna msingi, kwani nta haina kazi yoyote katika utengenezaji huu.

Jikoni mambo hurudi kinyume. Maji ya moto huingia kupitia vitundu vile vile na, kwa kuwa wanga ulishaiva, kazi kubwa iliyobaki ni kuurudishia maji. Shida ni kwamba hayaachi kuingia. Shin Ramyun, chapa mojawapo ya ramyoni ya pakiti iliyotoka mwaka 1986, huelekeza mililita 550 za maji na dakika 4 na nusu. Mpishi wa mgahawa huepua mapema kidogo, kwa sababu sufuria ikifika mezani tambi bado zinakunywa supu. Ukipiga soga dakika 10, utakuta zimevimba na supu imepungua.

Sufuria nayo ina sehemu yake. Ile ya rangi ya dhahabu inayopikiwa ramyoni ni alumini nyembamba, na rangi yake imo kwenye tabaka la juu lililotengenezwa kwa umeme. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara 10 kuliko chuma cha pua, hivyo maji hurudi kuchemka upesi baada ya tambi kuingia. Kila mteja hupikiwa ya kwake, na kwa sababu nzuri: ukipika pakiti mbili pamoja kwa maji maradufu, supu huwa nyepesi, kwani maji yanayopotea kwa mvuke hayaongezeki maradufu. Usiisugue sufuria hiyo kwa steelwire, wala usilaze supu ndani yake. Tabaka likichubuka, chumvi na uchachu huila alumini. Iliyochubuka chini ikawa ya kijivu, ibadilishwe.

Unga wa viungo utangulie tambi? Wengi hushikilia kwamba ukitangulia, maji huchemkia joto la juu zaidi na tambi hukaza. Kanuni ni ya kweli, lakini kipimo chake ni kidogo mno: chumvi ya pakiti moja katika mililita 550 hupandisha joto kwa chini ya robo ya sentigredi moja. Jambo la kuangalia ni jingine. Ukimwaga unga kwenye maji yanayotibuka, kila punje huwapa mvuke mahali pa kuanzia, na povu hupanda ghafla likamwagikia jiko. Utie kabla maji hayajachemka, au punguza moto kwanza.

Nyongeza zina mpangilio wake. Vipande vya keki ya mchele na mandu (maandazi madogo ya Kikorea yenye kujazwa nyama au mboga) zilizogandishwa hutangulia, maana zinachelewa kuiva na hupoza maji. Yai huvunjwa dakika ya mwisho: ukilikoroga, supu huwa nzito na ukali wa pilipili hupungua, ukiliacha, supu hubaki ile ile. Jibini huwekwa juu baada ya kuepua.

Mezani vijiko na vijiti aghalabu vimo kwenye droo ya ubavuni. Maji, kimchi (kabichi iliyochachushwa kwa pilipili) na figili ya manjano ni vya bure, na ukimaliza unaongezewa au unajichotea. Bakshishi haitolewi. Mfuniko wa sufuria, kama upo, ni bakuli lako la kupozea tambi. Pakiti nyingi hukaribia miligramu 1,800 za sodiamu, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe 2,000 kwa siku. Sehemu kubwa ya chumvi hiyo imo kwenye supu, kwa hiyo mwenye shinikizo la damu ale tambi na kuiacha supu. Asiye na shida hiyo aagize bakuli la wali, autie kwenye supu iliyobaki, aukoroge na kuula upesi kabla haujalegea.