Galaksi ikiishiwa gesi haizai nyota tena

Ukiangalia galaksi kwa darubini ya kawaida unaona nyota, yaani unaona chakula kilichoshapikwa. Mimi nataka kujua unga uliobaki kwenye debe. Unga wenyewe ni gesi ya haidrojeni, ndo inayojikusanya ikapoa ikawa nyota, na galaksi ikiishiwa inabaki na nyota zake za zamani tu, zinazeeka nayo. Miaka kama bilioni 10 iliyopita nyota zilikuwa zinazaliwa kwa kasi sana kuliko leo, sasa swali langu la kila siku ni hilo, gesi imeenda wapi? Imetumika yote, imepeperushwa na shimo jeusi la katikati, au imenyang'anywa na galaksi jirani?

Tatizo haidrojeni ya baridi haiwaki. Inachotoa ni mawimbi ya redio ya sentimita 21, kama shibiri moja ya mtu mzima, masafa yake megahezi 1420. Hendrik van de Hulst, Mholanzi, aliyatabiri mwaka 1944 na Wamarekani wakayanasa 1951. Na yanarefuka njiani kwa sababu ulimwengu unatanuka, na yakirefuka masafa yanashuka, kwahiyo nikiyapata kwenye megahezi 710 najua yametembea karibu miaka bilioni 8.

Huko jangwani Karoo, Afrika Kusini, kuna MeerKAT, darubini ya redio ya madishi 64 yenye upana wa mita 13.5 kila moja, yanafanya kazi pamoja kama dishi moja la kilomita 8. Wageni wanashangaa madishi, mimi roho yangu ipo kwenye risiva, kile kifaa cha kupokea mawimbi. Inapozwa kwa heliamu mpaka karibu nyuzi 250 chini ya sifuri, maana hata chuma chenye joto kinatoa kelele za redio na kale kasauti ka haidrojeni kanamezwa humo. Ndo maana pia magari ya kule ni ya dizeli, la petroli lina plagi zinazopiga cheche na kila cheche ni wimbi la redio.

Kuna timu ya utafiti inatumia MeerKAT, inaitwa LADUMA, imepanga kukodolea kipande kimoja cha anga zaidi ya masaa 3,000, na data za usiku wa kwanza tu zikawa na kitu ambacho hata sio haidrojeni: mawimbi makali ya haidroksili, yaani oksijeni iliyoshikana na haidrojeni, kutoka galaksi mbili zinazogongana, umbali wa miaka nuru bilioni 5. Walitangaza 2022, wakakiita Nkalakatha, kizulu, bosi mkubwa. Gesi ya huko haijaenda popote, inabanwa tu.