Mwembe kumwaga maua si lazima uwe mgonjwa

Wengi tumekua tukiamini kuwa mwembe wa nyumbani ukipukutisha maua, umeugua au umepigwa jicho. Hofu hiyo inaeleweka: kipupwe mti umependeza, wiki chache baadaye chini pametanda zulia.

Ila shada moja hubeba mamia ya maua, pengine zaidi ya elfu, na mengi ni ya kiume tu. Hata yanayoweza kuzaa, machache mno hushika embe.

Angalia mwenyewe. Chuma kishada, kitazame juani: ua lenye kijipira cha kijani-njano katikati ndilo la kuzaa. (Nzi wanaozengea usiwafukuze, ndio wachavushaji.) Shada likiwa na unga mweupe au madoa meusi, huo ni ukungu, na unahitaji tiba.